Shadoingi ya Kijapani: nafuatisha mazungumzo lakini lafudhi haibadiliki, nakosea wapi?

Kanji Taratibu
Habarini wakuu. Nafanya shadoingi: naweka mazungumzo ya Kijapani kwenye hedifoni na kumfuatisha msemaji papo hapo. Rekodi ni ya dakika tano, naicheza yote mara moja kwa siku. Maneno nayaelewa, niko N4 (ngazi ya pili kutoka chini ya mtihani wa Kijapani, JLPT). Ila nikisema "obasan" (shangazi), watu wanasikia "obaasan" (bibi). Nibadilishe nini?

Nundu
Dakika tano ni nyingi mno mkuu. Kata sekunde 15, sentensi tatu nne hivi. Kwanza sikiliza tu, mdomo umefunga. Kisha pitia maandishi yake mpaka hakuna neno linalokusumbua. Halafu sema pamoja naye huku unasoma. Ukiacha kukwama, funika maandishi, umfuate nyuma kwa silabi mbili tatu. Usingoje amalize sentensi, maana hapo unatamka kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ina lafudhi yako. Akikuacha, shusha kasi hadi 0.75. Hedifoni vaa sikio moja, jingine likusikie wewe.

Binti Pwani
Hiyo obasan ni Kiswahili kinakuponza. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo: o-BAA-san. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo. Kinaenda kwa mapigo yanayolingana: o-ba-sa-n manne, o-ba-a-sa-n matano. Gonga meza kwa kidole huku unasema. N ya mwisho ina pigo lake, kama m ya "mtu".

Pima na hizi: kite (njoo), kiite (sikiliza), kitte (stempu). Kitte ni mapigo matatu, la katikati ni kimya, ulimi umeziba hewa. Aliyesoma tajwidi (kanuni za kusoma Kurani) madrasa anazo shada, yaani kukaza konsonanti, na madda, yaani kuvuta vokali, tayari, azitumie.

Kanji Taratibu
Asanteni. Na sauti kupanda na kushuka? Sikio langu halikamati.

Fundi Redio
Ingia OJAD, kamusi ya lafudhi ya mtandaoni iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Tokyo, ni bure. Humo kuna Suzuki-kun: unabandika sentensi, inakuchorea mstari wa sauti. Nakili mstari huo kwa penseli juu ya maandishi yako. Ame ya juu-chini ni mvua, ya chini-juu ni pipi. Hashi ya juu-chini ni vijiti vya kulia, ya chini-juu ni daraja. Hiyo ni Tokyo. Osaka hashi hizo zinageuka, kwa hiyo usichanganye wasemaji.

Kama bado husikii, funga mdomo uimbe sentensi nzima kwa "mmm". Kisha jirekodi, weka sauti yako chini ya ya msemaji kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Vokali uliyoivuta utaiona kwa macho.

Mchana Kweupe
Naongezea: "desu" inatoka "des". I na u zikibanwa na k, s, t au h huwa zinanong'onwa tu, lakini pigo linabaki. Na tsu usiifanye su: suki ni kupenda, tsuki ni mwezi. Ulimi uanzie kwenye t, uachie kwa s. Anime (katuni za Kijapani) za kufokeana achana nazo, tafuta mazungumzo ya desu na masu, yaani ya adabu.

Kanji Taratibu
Kipande kimoja nikae nacho mpaka lini?

Nundu
Mpaka ukifuatishe mara tatu mfululizo bila maandishi wala kukwama, na mapigo kwenye rekodi yalingane. Baada ya wiki kirudie.