Mume wangu kaambiwa lehemu (kolesteroli) iko juu: tupunguze mafuta, tuache wanga, au tubadilishe mafuta?

BintiPangani (mleta mada)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na habari zenu wengine. Naomba mnisaidie kupima jambo hili, hasa mlio kwenye fani ya lishe na mliopitia kitu kama hiki nyumbani.

Mume wangu ana miaka 54, kazi yake ya kukaa ofisini. Mwezi uliopita kapimwa damu: LDL (lehemu mbaya) 4.6, HDL (lehemu nzuri) 0.9, trigliseraidi (mafuta ya kwenye damu) 2.9. Sukari haijafika kwenye kisukari ila iko mlangoni. Presha 148 kwa 92. Kapewa dawa ya lehemu na ya presha, daktari akasema "punguza mafuta", kisha akaita mgonjwa mwingine. Foleni ilikuwa imefika nje, simlaumu.

Tangu siku hiyo nyumbani hatuelewani. Mama mkwe ameshika neno la daktari: kila kitu kichemshwe, hata maharage yasiungwe. Shemeji yangu alipungua kilo 14 mwaka jana kwa kuacha wanga, naye anasema lehemu si kitu, adui ni ugali, wali na mkate. Mtu ale nyama, mayai, samli na nazi mpaka ashibe. Mwenye mwiko ni mimi, na kila jioni nasimama mbele ya jiko sijui nimsikilize nani.

Kwa hiyo nalinganisha njia tatu:

A. Kupunguza mafuta yote, tubaki na wanga wetu.
B. Kuacha wanga, mafuta tule.
C. Kubadilisha aina ya mafuta na aina ya wanga, bila kukata kimoja chote.

Sisi ni watu wa nazi. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, maharage, mpaka kisamvu. Nikiambiwa niiache nitaiacha, ila niambiwe kwa sababu.

Ngosha77

B, dada, bila kupepesa macho. Nilikuwa na kilo 103 na trigliseraidi 4.1. Niliacha ugali, wali, soda na maandazi. Baada ya miezi sita nina kilo 86, trigliseraidi 1.3, HDL imepanda. Ile njaa ya saa nne asubuhi mpaka mikono inatetemeka imekwisha. Shemeji yako hasemi uongo.

Na tazama historia. Rais Eisenhower wa Marekani alipata mshtuko wa moyo Septemba 1955, na tangu hapo watu wakafundishwa kuogopa mafuta. Mtafiti Mmarekani Ancel Keys akaja na utafiti wake wa mafuta na moyo katika nchi saba, ulioanza 1958, ukawa kama msahafu. Mtaalamu wa lishe John Yudkin wa London alikuwa anasema tazameni sukari, wakambeza. Mwaka 2006 Marekani walitoa matokeo ya wanawake karibu 49,000: waliofundishwa kupunguza mafuta kwa miaka minane hawakupata nafuu ya moyo kuliko wenzao. Halafu 2017 ukaja utafiti wa PURE, watu zaidi ya 135,000 katika nchi 18, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo: waliokula wanga mwingi zaidi ndio waliokufa zaidi. Njia A ilipimwa ikashindwa.

Lishe_Moro

Ngosha, mengi uliyoandika ni kweli, na hongera kwa hizo kilo. Njia A ya mama mkwe hata mimi siipendekezi. Lakini kuna jambo ndani ya utafiti huohuo wa Keys umeliruka, na ndilo linaloamua uzi huu.

Watu wa kisiwa cha Krete walipata karibu 40% ya nishati yao kwenye mafuta, mengi ya zeituni. Wafini wa mashariki walikula mafuta karibu kiasi hichohicho, ila ya siagi na maziwa. Wajapani walikula mafuta kidogo sana na wali mwingi. Waliokufa zaidi kwa moyo ni Wafini, na waliokufa kidogo ni Krete na Japani pamoja. Sasa niambie, kiasi cha mafuta kimetenganisha nini hapo? Wala wanga haukuwaua Wajapani.

Ndiyo maana kila anayekaa mbele yangu namuuliza swali moja: ukitoa hiki kwenye sahani, mahali pake unaweka nini? Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walichapisha hesabu za watu zaidi ya 125,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Pale ambapo 5% ya nishati itokayo kwenye mafuta ya kuganda (siagi, samli, mafuta ya nyama) ilichukuliwa na mafuta kama ya alizeti, soya na karanga za aina mbalimbali, ugonjwa wa moyo ulikuwa pungufu kwa 25%. Ilipochukuliwa na nafaka zisizokobolewa, 9%. Ilipochukuliwa na unga mweupe na sukari, hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo njia A huanguka: watu waliacha siagi wakaongeza mkate mweupe na biskuti zilizoandikwa "hazina mafuta".

Kuhusu PURE, mtu anayepata robo tatu ya chakula chake kwenye sembe au wali mweupe mara nyingi hana fedha ya samaki, matunda na mboga, na hospitali iko mbali. Utafiti ule uliangalia tu watu wanavyoishi, na umaskini ni mgumu kuutenga na sahani. Watsimane wa Bolivia hupata 72% ya nishati kwenye wanga: mchele, ndizi, mihogo, mahindi. Vipimo vilivyochapishwa 2017 vilikuta mishipa yao ya moyo ndiyo misafi kuliko ya jamii yoyote iliyowahi kupimwa. Wanalima, wanawinda, wanatembea kutwa.

Ila Ngosha, nikuulize kwa nia njema. Umetaja trigliseraidi na HDL. LDL yako ni ngapi?

Kigoma_Ujiji

Naomba mawese yasisahaulike. Bibi zetu wameyala maisha yote, ni mekundu, yana vitamini A, hayajapita kiwanda chochote. Dada anunue mawese halisi ya Kigoma aachane na mafuta ya kopo yaliyogandishwa.

Lishe_Moro

Kwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa kutiwa hidrojeni nakuunga mkono kwa mikono miwili. Hayo yakibeba mafuta ya transi ndiyo mabaya kuliko yote, yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Denmark iliyabana kwa sheria tangu 2003, na Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi 1% ya nishati ya mtu kwa siku.

Mawese ni suala jingine. Karotini ya wekundu wake ni nzuri kweli, hasa kwa watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, na jirani zetu wa Mauritius walilijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Mafuta ya bei nafuu ya kupikia kule yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa. Mwaka 1987 serikali ikaagiza mengi yake yawe ya soya. Kufikia 1992 wastani wa lehemu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7, na watu hawakuacha kukaanga. Mimi huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote kwenye mjadala huu, kwa sababu ni watu wa bahari yetu, wenye wali na mchuzi kama sisi.

Olmoti

Sopa. Watu wakitaka kutetea mafuta hutuleta sisi Wamasai, kwa hiyo niseme. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha vipimo vya wanaume 400 wa Kimasai huku Tanganyika: maziwa na nyama kwa wingi, lehemu ya chini, moyo mzima. Hadithi huishia hapo. Mwaka 1972 walichapisha tena, safari hii mioyo 50 ya wanaume wetu waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Kimarekani. Kilichotofautiana ni kwamba ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Watafiti walidhani ni kwa sababu ya miili iliyozoea kazi na mwendo.

Baba yangu aliondoka bomani alfajiri kwenda mnadani kwa miguu, akarudi usiku. Mimi naenda kwa bodaboda. Vijana wetu wanakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na ugali wa sembe, na nyama choma juu yake. Mtu wa ofisini asile chakula cha baba yangu kama hana miguu ya baba yangu.

Mwanakombo_Mvita

Bi Pangani, mimi ni mtu wa nazi kama wewe, Mombasa. Niliambiwa kuhusu visiwa vya Tokelau kule Pasifiki, ambako zaidi ya nusu ya nishati yao ilitoka kwenye nazi na maradhi ya moyo yalikuwa machache. Nikafurahi. Kisha nikasoma mpaka mwisho: lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya kisiwa cha Pukapuka waliokula nazi pungufu, na wote walikula samaki, na sukari yao ilikuwa kidogo. Waliohamia New Zealand walipunguza nazi, wakaongeza sukari na unga, na damu zao zikawa mbaya zaidi. Kwa hiyo nazi si sumu, wala si dawa kama wanavyoiuza kwenye chupa.

Nilivyofanya mimi: wali wa nazi ni Ijumaa tu. Nilipokuwa nikikuna nazi mbili nakuna moja, napikia tui jepesi, na kasimele (tui zito la kwanza) naitia mwisho, kidogo, kwa ladha. Maharage nayaunga kwa kitunguu, nyanya na alizeti vijiko viwili. Kisamvu natia karanga za kutwanga kama wafanyavyo watu wa bara, na watoto sasa wanakitaka hivyo.

Na swali: mumeo hunywa kahawa? Mume wangu alikuwa na vikombe vyake vya kahawa ya mdila, kumi au zaidi kila jioni barazani. Kahawa inayochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi inapandisha LDL. Uhusiano wa kahawa na lehemu waliugundua Wanorwe wa mji wa Tromsø mwaka 1983. Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo.

BintiPangani

Hunywa, da Mwanakombo. Kila baada ya Isha. Sikuwahi kufikiria!

Lishe_Moro, nieleze kwa lugha ya jikoni hiyo nazi. Na shemeji anaposema LDL haina maana, nimjibu nini?

Lishe_Moro

Mafuta ya nazi, zaidi ya 80% ni ya kuganda. Samli ni zaidi ya 60%. Alizeti ni kama 11%, zeituni kama 14%. Majaribio yaliyojumlishwa 2020 yalionyesha kuwa mafuta ya nazi yakishindanishwa na ya mbegu kama alizeti, LDL hupanda kwa kama miligramu 10 kwa desilita ya damu, yaani kama 0.3 kwa kipimo cha karatasi yenu. Si kubwa kwa mtu mzima wa afya. Kwa mwenye 4.6 tayari, kila kidogo kina uzito. Utaratibu wa Mwanakombo ni mzuri, uchukue ulivyo.

Shemeji mwambie hivi. Wapo watu waliozaliwa na kasoro ya jeni inayowapa LDL ndogo tangu tumboni. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya Wamarekani weusi wa namna hiyo: LDL yao ilikuwa chini kwa 28%, ugonjwa wa moyo ukawa pungufu kwa 88%. Hao hawakuchagua chakula wala dawa, walizaliwa hivyo. Na waliozaliwa na kasoro ya kinyume, wakairithi kwa wazazi wote wawili, wana LDL juu sana na huweza kupata mshtuko wa moyo wakiwa watoto.

Mimi ni C, lakini kwa trigliseraidi na sukari za mumeo, nachukua nusu ya maneno ya Ngosha. Wanga upungue: ugali wa dona au mtama, saizi ya ngumi, nusu ya sahani mboga. Sukari kwenye chai iishe kabisa. Dagaa na vibua mara kwa mara. Nyama choma isiwe ya kila wiki. Chumvi isifike kijiko cha chai kwa siku, na papa mkavu alowekwe, maji yamwagwe. Mafuta ya kukaangia yasirudiwe mpaka yakawa meusi. Dawa asiache hata akijisikia mzima. Vipimo tena baada ya miezi mitatu.

Ngosha77

Lishe_Moro, nimetafuta makaratasi yangu. LDL kabla ilikuwa 3.3. Ya mwisho ni 5.0. Niliiona wakati ule nikaambiwa kwenye kundi letu nisiijali.

Wanga sirudii, kuuacha kumeniponya. Ila samli ya kukaangia mayai na ya kutia kwenye chai nimeitoa leo. Nitatumia alizeti, samaki, parachichi na korosho, kisha nipime. Dada, samahani kwa kusema bila kupepesa macho.

BintiPangani

Hapana, kaka, usiombe samahani, umenisaidia kuliko unavyojua. Nimempigia shemeji kumuuliza LDL yake ni ngapi. Hajapima tangu apungue. Nimemsomea ujumbe wako wote kwenye simu, akanyamaza, kisha akauliza maabara inafunguliwa saa ngapi. Jumatatu atakwenda na kaka yake.

Kesho napika dona, kisamvu cha karanga na vibua. Kahawa kasema atabakisha kikombe kimoja.