Naomba ushauri: shingo ya tiorba imenipinda

Wakuu, mimi fundi wa udi, ile ala ya muziki ya nyuzi. Nimejitia kiherehere cha kuunda tiorba, ule udi wa besi uliozuka Italia mwishoni mwa karne ya 16. Tumbo halinisumbui, ni vibao vyembamba vya kukunja kwa moto, kazi ile ile ya udi. Kasheshe ni shingo. Nyuzi 6 hubanwa kwa vidole, 8 za besi hupita pembeni hadi kichwa cha pili. Chombo kizima karibu mita 2! Nimeichonga kwa mninga mtupu, ikalemea mkono wa kushoto, na wiki haikuisha ikapinda. Mafundi wa zamani waliweka kiini cha mti mwepesi, wakakivika mpingo mwembamba. Kiini nitumie mti gani wa huku kwetu, na gundi ipi itahimili joto la pwani?