Mjadala: Hukumu ninayo mkononi, nyumba yake haiguswi. Hii ni haki?

MuuzaMbao
Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Nilimkopesha mtu mbao na mabati ya kupaulia, tukaandikishana mbele ya mashahidi. Siku ya kulipa ilipofika, simu hapokei. Nikafungua kesi mahakama ya wilaya nikashinda: milioni 41 na gharama za kesi. Nikaomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe nilipwe, dalali wa mahakama akaenda na hati ya kukamata mali. Magari yote mawili, kadi zina jina la mke. Duka, leseni ya mke. Kiwanja, mke. Kilichobaki kwa jina lake ni nyumba anayolala, imepauliwa kwa mabati yangu, na hiyo naambiwa haikamatwi kwa sababu anaishi humo na mke na watoto. Mimi nasema kinga ya nyumba iondolewe kwa mtu aliyekwisha kushindwa mahakamani.

Ngosha_Halisi
Pole mkuu. Wake za watu ndio ghala la wezi siku hizi. Mume anakopa, mke anaficha, wote wanakula.

MamaShufaa
Ngosha, futa hiyo kauli. Gari langu lina jina langu kwa sababu nililinunua kwa pesa za vitenge. Dalali alikuja kulichukua kwa deni la mume wangu ambalo hata fununu yake sikuwa nayo. Nikahangaika na pingamizi mahakamani huku biashara imelala. Hakuna aliyeniuliza nimelipataje. Wakiona mwanamke ana kitu, basi ni cha mume.

Ngosha_Halisi
Dada yangu, sikukutaja. Ila wewe mwenyewe unajua wanaohamisha kadi ya gari wiki moja kabla ya hukumu. Hao nao waliuza vitenge?

MamaShufaa
Ulisema "wake za watu". Mimi ni mke wa mtu.

WakiliWaKata
Ndugu zangu, turudi kwenye swali. Sheria ya Mwenendo wa Madai hapa Tanzania haikuikinga nyumba peke yake. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, jembe la mkulima, vyote havikamatwi. Lengo ni familia isitupwe barabarani kwa deni la mmoja. Pili, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa haibadilishi umiliki, na mali iliyo kwa jina la mke inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hilo la mwisho ndilo mlango wako, MuuzaMbao. Tatu, na hili watu hawalitumii: omba mahakama imwite mdaiwa ahojiwe kwa kiapo ana mali gani, anadai nani, akaunti zake ziko wapi. Kiwanja alichompa mke baada ya kesi kuanza kitajitokeza hapo. Akionekana ameficha mali kwa makusudi, unaweza kuomba awe mfungwa wa madai, yaani afungwe kwa ajili ya deni, isizidi miezi sita, ila posho yake gerezani unalipa wewe.

MuuzaMbao
Posho nalipa mimi? Amekula mbao zangu, sasa nimnunulie na ugali gerezani?

Kinyozi_Ilala
Hapo hata mimi nimekwama. Mdai ndiye anayeadhibiwa.

Ngosha_Halisi
Na akitoka deni limekufa?

WakiliWaKata
Halifi. Lakini kwa hukumu hiyohiyo hutamfunga tena, unabaki na njia ya mali. Ndiyo maana nasema anzeni na kumhoji.

Mkopaji_Mnyonge
Mnaongea kama kila anayedaiwa ni tapeli. Kuna watu tumeingia kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa sababu mtoto alikuwa wodini. Kumfunga mtu kwa kukosa hela ni unyama. Kuna mkataba wa kimataifa unakataza, Tanzania imeuridhia tangu miaka ya sabini.

Kinyozi_Ilala
Mkataba upi huo? Mbona watu wanafungwa?

WakiliWaKata
Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 11. Unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Mwenye uwezo akakataa kulipa ni suala jingine. Fukara akithibitisha ufukara wake mbele ya hakimu, mahakama inaweza kukataa kumfunga.

Mtoto_wa_Kwale
Huku Kenya ni karibu hivyohivyo. Mdaiwa hupewa notisi aje aeleze kwa nini asifungwe, na Mahakama Kuu ilishasema jela ya madai ni njia ya mwisho. Lakini nyinyi Watanzania mna bahati na hiyo kinga ya nyumba. Usiwaombee wenzako waipoteze, ndugu MuuzaMbao.

MuuzaMbao
Bahati ya nani? Mbona benki zinauza nyumba za watu na familia zikiwa ndani? Benki wana haki, mimi mwenye mbao sina?

WakiliWaKata
Benki ilichukua rehani, na mke alisaini kuridhia. Wewe ulichukua karatasi ya daftari.

MuuzaMbao
Hukuwa na haja ya kunidharau, wakili. Biashara yote ya mtaani inaendeshwa kwa karatasi za daftari. Fundi akija na bosi wake kuchukua mbao tano, nimpeleke Ardhi kusajili rehani?

Kinyozi_Ilala
Kweli kabisa. Sheria imetungwa kwa ajili ya wenye benki.

Ngosha_Halisi
Na kwa ajili ya serikali. Serikali ukiishinda, hata kiti cha ofisini hukamati. Mpaka wazungu walipoikamata ndege yetu Kanada.

Mkopaji_Mnyonge
Ni Afrika Kusini, 2019, Airbus ya ATCL, shirika letu la ndege, ilizuiwa Johannesburg kwa deni ambalo serikali ilidaiwa na mkulima aliyenyang'anywa mashamba.

Ngosha_Halisi
Ya Kanada nayo ilikuwepo, 2017, Bombardier. Na Uholanzi 2022. Mgeni anakamata ndege, mzawa mwenye hukumu anaambiwa asubiri bajeti.

MamaShufaa
Ngosha umehamia kwenye ndege, kauli yako bado iko pale juu. Mahakama ya Rufani tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilitambua hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali. Wewe 2020 na kitu unatuita ghala.

Ngosha_Halisi
Kesi hiyo ilikuwa ya talaka, haikuwa ya madeni. Usichanganye.

MamaShufaa
Sijachanganya. Mali niliyochangia kwa mikono yangu haiwezi kuwa yangu siku ya talaka tu, halafu siku dalali akija iwe ya mume.

MuuzaMbao
Jamani. WakiliWaKata, hiyo ya kumhoji, maombi naandika mwenyewe au lazima wakili?

WakiliWaKata
Unaweza mwenyewe, mahakama ileile iliyotoa hukumu. Nenda na namba ya kesi, hukumu na tuzo (hati ya mahakama inayotaja unachopaswa kulipwa), na nakala za kadi za magari zinazoonyesha tarehe ya kuhamishwa. Haraka haina ulazima, hukumu ya wilaya unaweza kuikazia ndani ya miaka 12, lakini kila mwezi unaopita mali inahama.

Kinyozi_Ilala
Miaka 12! Na posho juu!

Ngosha_Halisi
MamaShufaa, nasema hivi: waliohamishiwa mali baada ya kesi kufunguliwa. Hao nimewasema, na hao sitawaomba radhi.

MamaShufaa
Basi ungeandika hivyo tangu mwanzo.