Mnahukumu kaseti kwa deki chafu, halafu mnaita huo ulinganisho!

Wadau, hizi mada za "santuri, kaseti au CD, ipi kali" zinachosha. Mtu anatoa deki (mashine ya kuchezea kaseti) stoo, anatumbukiza kaseti, sauti inatoka kama mwimbaji kajifunika blanketi, basi hukumu imetoka: kaseti takataka. Takataka ni hedi yako, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe!

Utepe wa kaseti unatembea sm 4.76 tu kwa sekunde, kwa hiyo uchafu hata uwe mwembamba kiasi gani ukikaa kwenye hedi unameza sauti zote za juu. Chukua kijiti cha pamba na spiriti ya 90% au zaidi, futa hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe mpaka pamba iache kutoka na rangi ya kahawia. Gurudumu la mpira linalobana utepe hapo lifute kwa maji na sabuni kidogo, spiriti hukausha mpira. Bado imefifia? Kuna skrubu pembeni ya hedi, izungushe polepole, chini ya robo mzunguko, hadi matoazi yasikike vizuri. Sauti ikiwa inakuja na kupotea, chungulia ndani ya kaseti: huenda kile kipande cha sufi kinachobana utepe kwenye hedi kimebanduka. Na C120 (kaseti za dakika 120) msizilete kabisa kwenye mjadala, utepe wake ni kama nusu ya unene wa C60 za dakika 60, unaliwa na deki kirahisi.

Mashabiki wa santuri nao wanaweka wimbo wa kwanza tu. Weka wa mwisho! LP (santuri ndefu) inazunguka mara 33⅓ kwa dakika muda wote, lakini mfereji unaopita chini ya sindano unashuka kutoka kama sm 50 kwa sekunde ukingoni hadi kama 21 karibu na lebo. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi ndogo, ndiyo maana "s" za mwimbaji zinachanika pale.

Aliyeshauri kusafisha santuri za 78 (zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika) kwa spiriti afute ushauri wake leo. Nyingi ni za sheleki (aina ya utomvu mgumu), na spiriti inayeyusha sheleki!

CD je? Mnalinda upande unaong'aa, mnakwaruza wa lebo, wakati alumini inayobeba muziki imelala chini ya lebo hapohapo. Upande wa pili una plastiki ya mm 1.2, mkwaruzo mdogo unasuguliwa ukaisha.

Na wewe uliyechoma MP3 (faili lililobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti) kwenye CD ukatangaza santuri imeshinda: umeishinda MP3, CD haijacheza bado.