Naombeni ushauri: nipike nini Ijumaa usiku cha kupeleka kwenye mlo wa kuchangiana Jumamosi?

Sina_Haraka (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapishi. Jumamosi mchana tunakutana watu kama 20, kila mtu anakuja na sahani yake tunakula pamoja. Shida yangu ni muda. Ijumaa natoka kazini jioni, Jumamosi asubuhi nina shughuli mpaka karibu saa tano, napita nyumbani kuchukua mzigo tu, kisha basi, mwendo wa saa nzima. Kula ni saa saba.

Wenyeji wameshatuambia tusitegemee jiko lao, na friji yao itakuwa imejaa vinywaji. Kwa hiyo nataka kitu kinachopikwa kabla, kisichomwagika, kisichohitaji kupashwa moto, na kisichoonekana kiporo. Kuna wawili hawali nyama na mtoto mmoja ana mzio wa karanga. Nina friji, jiko la gesi na oveni ndogo. Kupika najua kiasi, ila za watu wengi sijazizoea. Karibuni.

chumvi_kiasi

Kabla ya kuchagua chakula, jiulize ni kipi kikilala usiku kinazidi utamu. Vya kukaanga vitoe kwenye hesabu: ukivifunika, mvuke unalainisha ule ukavu wote wa nje na vinabaki na mafuta tu. Majani mabichi nayo yakishaguswa na siki yanalegea. Lakini dengu, maharage, viazi na kabichi, hivyo ukivitia limau na viungo vikalala, kesho yake ni vingine kabisa.

Mimi nakupa saladi ya dengu. Tafuta dengu nzima za kahawia au za kijani. Zile nyekundu zilizokobolewa achana nazo, zinarojeka. Hazina haja ya kulowekwa. Chemsha kwa dakika 20 hadi 25, lakini usisubiri saa ikuambie, zionje. Zikiwa laini ila bado zimeshika umbo, mwaga maji, na hapo hapo zikiwa za moto zitie mafuta ya zeituni, limau, chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa. Ya moto inanyonya ladha mpaka ndani. Ukisubiri ipoe, limau linateleza juu na kutuama chini ya bakuli.

Kitunguu maji kikate vipande vidogo sana, kiloweke kwenye siki na chumvi dakika kumi ili ukali ushuke, ndipo ukichanganye. Karoti na pilipili hoho zinaweza kulala humo humo. Nyanya na kotimiri subiri Jumamosi asubuhi.

Nusu kilo ya dengu kavu inatosha watu 20, maana meza ina sahani nyingine nyingi na kila mtu atapakua vijiko viwili vitatu. Haina nyama, haina maziwa, haina karanga. Hao wawili wako watakula bila kuuliza.

Shibe_Kwanza

Dengu kwenye karamu, chumvi_kiasi? Mtu ameacha kunywa chai asubuhi ili aje kula, wewe unampa dengu!

Mwenzangu, peleka kuku. Vipande vya mapaja, Alhamisi usiku vipake mtindi, limau, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, vilale kwenye friji. Ijumaa unavioka tu. Mapaja ndiyo, kidari hapana, kidari kikipoa kinakauka mpaka kinakaba. Kuku wa kuoka huliwa baridi bila tatizo, na hakuna sahani inayoisha haraka kama hiyo.

chumvi_kiasi

Hao wasiokula nyama watakula mifupa?

Shibe_Kwanza

Wana dengu zako.

Bi_Foili

Makaroni ya kuoka, mwisho wa mjadala. Unachemsha makaroni ukiyatoa dakika mbili kabla hayajaiva, unatengeneza mchuzi wa maziwa na jibini uwe mwepesi kuliko unavyoupenda, maana makaroni yatakunywa usiku kucha. Unapanga kwenye trei, unafunika, friji. Asubuhi unaoka.

Sina_Haraka

Bi_Foili, asubuhi sipo nyumbani. Na yakipoa si yanashikana kipande kimoja?

Bi_Foili

Basi wewe hayakufai, kweli. Jibini likipoa linakaza. Nawaachia wengine wanaosoma wenye nafasi ya kuoka siku yenyewe. Ila jambo moja: trei ya kioo iliyotoka kwenye friji usiitie kwenye oveni iliyokwisha kupata moto, inaweza kupasuka. Iache nje kidogo kwanza, au tumia trei ya bati.

Kijiko_Kirefu

Mbona hakuna aliyetaja saladi ya viazi? Viazi kilo mbili, mayai sita ya kuchemsha, kitunguu, mayonezi, haradali kijiko kimoja. Inapendwa na watoto na wazee, na ikilala inakolea. Mimi nikialikwa popote napeleka hiyo.

Bwana_Limau

Mayonezi? Kwenye basi? Kwenye joto la mchana? Kijiko_Kirefu unataka kulaza watu hospitali. Mayonezi ndiyo sumu namba moja ya sherehe.

Sina_Haraka, wewe pika wali. Ijumaa pika wali mkavu, uache mezani upoe vizuri, asubuhi changanya na njegere, mahindi, limau na mafuta. Rahisi, unashibisha, na kila mtu anakula wali.

Mlishaji

Napika kwa ajili ya watu wengi, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niruhusuni niingie hapa kwa sababu Bwana_Limau ameyapindua mambo.

Mayonezi ya dukani ina siki na tindikali ya kutosha kuwapa vijidudu shida. Kinachoharibika kwenye ile saladi kwa kawaida ni viazi, mayai au kuku aliyechanganywa humo, hasa vikikatwa kwa ubao mchafu au vikikaa nje muda mrefu. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa yai bichi hiyo ndiyo ya kuogopa. Kwa safari kama hii usiipeleke.

Sasa wali. Ule wa kuacha mezani "upoe vizuri" ndio hatari yenyewe. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa nje kwenye uvuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaana na kuacha sumu, na sumu yake moja haiondoki hata upashe moto upya. Wali wa kuliwa baridi unawezekana, lakini lazima utandazwe kwenye sinia upoe haraka na uingie kwenye friji upesi. Kwa mtu anayetoka kazini usiku amechoka, simshauri.

Kuhusu muda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, cha moto kikae juu ya 60. Sasa piga hesabu. Ukitoa bakuli kwenye friji saa tano na mkaanza kula saa saba, saa zako mbili zimekwisha kabla mtu hajarudia sahani. Kwa hiyo chochote utakachochagua, hata dengu, kinahitaji barafu njiani. Gandisha chupa mbili tatu za maji tangu Alhamisi, ziweke kwenye begi la kutunza baridi au boksi, chini na pembeni ya bakuli. Ukifika, bakuli libaki na chupa zake mpaka watu wameanza kujipanga.

Bwana_Limau

Sawa Mlishaji, hilo la wali sikuwa nalo. Lakini mayonezi bado siili.

Mlishaji

Ni haki yako kabisa. Basi saladi ya viazi ya siki na mafuta ipo, haina mayonezi hata tone, na kusema kweli mimi naiona bora kuliko ile nyingine.

Kijiko_Kirefu

Hapo ndipo nilipotaka kufika, ila mmenirukia. Ya siki inafanyika hivi. Chagua viazi vinavyoshika umbo, siyo vile vya unga unga vinavyopasuka. Vianze kwenye maji ya baridi yenye chumvi, na maganda yake. Ukivitia kwenye maji yanayochemka nje vinaiva kupita kiasi wakati katikati bado vigumu. Ukichoma kisu kikaingia bila ubishi, mwaga maji, subiri uweze kuvishika, menya, kata, nyunyizia siki vikiwa bado vinatoa mvuke. Siki kwanza, mafuta baadaye, kwa sababu mafuta yakitangulia yanaziba na siki haiingii. Changanya kwa mkono au kijiko cha mbao, taratibu, vile vya pembeni vikimeguka kidogo ni vizuri, vinafanya rojo. Haradali, kitunguu kilicholowekwa kama alivyosema chumvi_kiasi, pilipili manga. Onja tena asubuhi: kikilala, kiazi kinameza chumvi na siki, na chakula cha baridi siku zote kinahitaji chumvi zaidi kidogo kuliko cha moto.

Upishi_wa_Jioni

Nami nichangie kabichi. Kata nyembamba, nyunyizia chumvi, iache kwenye chujio saa moja, kisha ikamue kwa mikono yote miwili mpaka maji yaache kutiririka. Watu wengi wanaruka hatua hiyo, ndiyo maana saladi yao ikifika sherehe inaogelea. Ukishakamua tia siki, sukari chembe, karoti. Inakaa mpaka kesho yake bado inasikika mdomoni.

Halafu waulize wenzako nani analeta nini! Kuna siku zinatokea keki tano na hakuna hata kijiko cha mboga.

Shibe_Kwanza

Tukitaja keki, keki ya ndizi pia inafaa. Ikilala imefungwa vizuri inakuwa laini zaidi, haihitaji friji kwa usiku mmoja, haimwagiki, na unaipeleka imekwisha kukatwa. Kama muda ni mdogo kabisa, hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote hapa. Ila soma vizuri pakiti za chokoleti kama unatia, nyingi zimeandikwa huenda zina chembe za karanga.

Sina_Haraka

Jamani asanteni, nimesoma zote. Nimeuliza kwenye kundi letu: kuku wanaleta watu watatu (pole Shibe_Kwanza), keki ipo, mboga hakuna kabisa. Kwa hiyo nachukua saladi ya viazi ya siki, na dengu nusu ya kipimo pembeni.

Swali la mwisho kwa Mlishaji. Nitamaliza kupika kama saa nne usiku. Nikitia vya moto kwenye friji si nitaiharibu? Na nikisubiri vipoe nitalala mezani.

Mlishaji

Usikeshe. Bakuli kubwa lililojaa ndilo linalochelewa kupoa, katikati linabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Tandaza kwenye trei mbili pana, kina kisizidi sentimita 5. Ukiwa na haraka, kalisha trei juu ya maji ya baridi kwenye sinki. Ukishaosha vyombo mvuke utakuwa umekwisha, hapo ingiza kwenye friji bila kufunika kabisa, acha nafasi pembeni hewa ipite, usizipandanishe. Asubuhi kabla hujatoka unahamishia kwenye chombo cha safari na kufunga mfuniko.

Chombo kiwe kina mfuniko wa kubana na kisiwe kimejaa mpaka juu. Foili peke yake kwenye basi haifai. Na dengu zako zichuje tena asubuhi, huwa zinatoa maji kidogo usiku.

Upishi_wa_Jioni

Beba na kijiko cha kupakulia chako mwenyewe, kwenye sherehe za hivi vijiko huwa vinne kwa sahani kumi na mbili. Viwe viwili, kila bakuli na chake, ili mtu asitoe kijiko kwenye sahani yenye karanga akakitumbukiza kwako.

Sina_Haraka

Hilo la kijiko sikulifikiria kabisa, na yule mtoto ndiye hasa ninayemhofia. Nitaandika na karatasi yenye vyote vilivyomo nibandike kwenye mfuniko. Haradali niitaje?

Mlishaji

Itaje. Wapo wenye mzio wa haradali pia. Na karatasi ibandike ubavuni mwa bakuli, mfuniko ukishafunguliwa unatupwa chini ya meza.