Kuunganisha kyu (amri zilizopangwa) za taa na sauti: kitufe kimoja cha GO kiendeshe vyote

taa_jinja
Habari zenu mafundi. Tuko kwenye mazoezi ya tamthilia ya Kiswahili hapa Jinja. Sauti inatoka kwenye kompyuta ya Mac yenye QLab (programu ya kuendesha kyu), taa ziko kwenye meza ya kuongozea taa, ETC Ion. Onyesho la radi linatusumbua: watu wawili, vitufe viwili, na mwanga hauendani na ngurumo. Nataka anayebonyeza awe mmoja. Nianzie wapi? Na umeme ukikatika?

fundi_mawimbi
Anza na waya, dada. Wi-Fi iache kabisa. Ujumbe wa OSC (amri zinazotumwa kwa mtandao kati ya vifaa vya onyesho) ukipita kwa UDP, njia ya kutuma isiyothibitisha, haudai risiti, ukipotea njiani hakuna anayejulishwa, na ukumbi ukijaa simu utapotea tu. Chukua swichi ndogo ya mtandao ya poti 5 na nyaya mbili za Cat5e. Ipe meza anwani ya kudumu 192.168.1.10 na Mac 192.168.1.20, zote kwa subnet mask 255.255.255.0. Zima Wi-Fi ya Mac.

Kwenye meza, ingia mipangilio ya Show Control, washa OSC RX (kupokea OSC), poti ya UDP ya kupokea iwe 8000. Kwenye QLab tengeneza kyu ya mtandao inayotuma /eos/cue/1/12/fire, yaani orodha ya 1, kyu ya 12. Taja namba kila mara. Ukituma GO tupu halafu kyu moja irukwe, taa zote zinazofuata zitakuwa nyuma kwa hatua moja mpaka mwisho.

Sasa radi. Weka kyu ya taa na ya sauti ndani ya kundi linaloanza pamoja, kisha sauti uipe subira ya sekunde 0.6 hivi. Mwanga hutangulia, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo radi ya karibu subira fupi, ya mbali ndefu. Halafu angalia muda wa kyu ya taa: Ion huja na sekunde 5 za kufifisha au kuwasha taa, usipoishusha hadi 0 radi yako itapambazuka kama asubuhi. Na kama unatumia halojeni, nyuzi zake huchelewa kupata moto. Ziache kwenye asilimia 5 kabla ya radi, au tumia LED.

jukwaa_kla
Naunga mkono, ila usiunganishe kila kitu. Funga pamoja zile tu ambazo sauti na taa ni tukio moja: radi, redio inayowashwa, mlio wa risasi. Taa inayofuata maneno ya mwigizaji ibaki mkononi mwa mtu, kwa amri ya meneja wa jukwaa, kwa sababu mwigizaji akiruka mistari kompyuta haitajua. Kwenye karatasi ya kyu andika wazi zipi zinajiendesha, la sivyo mtu wa taa atabonyeza tena na kyu inayofuata itaingia kabla ya wakati. Fataki na mlango wa sakafuni visiingie kwenye mnyororo huu hata siku moja.

Umeme: Mac ya kupakata ina betri, lakini swichi ya mtandao haina, na swichi ikizimika Mac itaendelea kutuma bila kupokelewa. Weka UPS (betri ya akiba) kwa meza, swichi na kifaa cha sauti. Dima (vifaa vinavyopunguza na kuongeza mwanga wa taa) zisiguse hapo. Jumlisha wati zilizoandikwa nyuma ya vifaa kabla ya kununua, na kwenye mazoezi chomoa plagi ya ukutani mkiwa katikati ya onyesho. Meza ikizimika kabisa, simamisha QLab, subiri meza iwake, kisha kwenye meza tumia Go To Cue (nenda kwenye kyu) kwa namba mliyofikia.

Kwa wenye meza ya zamani isiyo na OSC, MIDI Show Control (amri za onyesho kupitia waya wa MIDI) inatosha: namba ya kifaa ifanane pande zote mbili, waya usizidi mita 15.

taa_jinja
Asanteni sana. Nimefuata yote, QLab inatuma, meza kimya.

fundi_mawimbi
Kwenye meza fungua Tab 99 (ukurasa wa uchunguzi) na uwashe uonyeshaji wa OSC inayoingia. Ujumbe ukionekana na taa hazibadiliki, namba ya kyu au ya orodha si sahihi. Usipoonekana, toka mpaka kwenye mipangilio ya mtandao ya meza, nje ya programu ya taa, uhakikishe OSC imeruhusiwa kwenye poti uliyochomeka waya. Hapo ndipo wengi hukwama.