Ziwa Tanganyika kufungwa miezi mitatu: tunaongeza samaki au tunachelewesha tu kuwamaliza?

Mpima Samaki
Wakuu, mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa: Kongo (takriban asilimia 45), sisi (41), Burundi (8) na Zambia (6). Serikali inasema samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wavuvi wanasema wanafungiwa riziki. Nataka tuangalie samaki wenyewe kwanza.

Dagaa wa Tanganyika anaishi mwaka mmoja hivi na hazidi sentimita 10. Anaanza kuzaa akiwa karibu sentimita 7. Kwake miezi mitatu ni robo ya maisha, kwa hiyo ukimwacha anazaa kweli, na Agosti utaona tofauti. Mgebuka, samaki mkubwa zaidi anayekula dagaa, hayuko hivyo. Anahitaji kufika karibu sentimita 27 ndipo azae, na hapo ana zaidi ya miaka miwili. Wadogo wake huogelea pamoja na makundi ya dagaa, wanakuja kwenye taa pamoja nao na kuingia wavu uleule wa kipe (chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa). Ukimwachia Mei hadi Agosti halafu Septemba ukamchota akiwa na sentimita 12, hujamsaidia chochote.

Msimamo wangu: kufunga ni kuzuri kwa dagaa, kwa mgebuka peke yake hakutoshi. Anayepinga aje na hoja.

Kipe Mbili
Napinga miezi, sipingi kupumzisha. Mei hadi Agosti ni kiangazi, na kiangazi ndicho msimu wa kuanika. Dagaa mbichi karibu robo tatu yake ni maji, hivyo unahitaji kama kilo 4 mbichi kupata kilo 1 kavu. Jua likiwepo, dagaa walioanikwa asubuhi kwenye chanja za wavu, tabaka moja, wanaweza kukauka siku hiyohiyo. Kuanzia Novemba mvua inaanza, dagaa wanalala na unyevu, wanaingia funza na ukungu, wengine wanaishia kuwa chakula cha kuku. Walioanikwa juu ya mchanga ndio kabisa, bei inashuka hata kabla ya kuoza.

Sasa tunazuia uvuvi wakati ambao kila samaki anayevuliwa analiwa, tunauruhusu wakati ambao wengi wanaharibika. Ili mji upate kilo zilezile kavu, mvua inakulazimisha kuvua zaidi. Hilo limepigiwa hesabu wapi?

Kalemie Kwetu
Ndugu wa Kigoma, hoja ya kuanika ni ya kweli, na huku kwetu Kongo pia ni hivyo. Ila ndakala (ndio dagaa wenu) hawajui mpaka. Mkichagua miezi yenu, Burundi yake na sisi yetu, taa zote zitahamia upande uliofunguliwa. Uvira na Bujumbura zinatazamana. Kwa injini ya nje mtu anavuka usiku na kurudi kabla ya jua. Tarehe moja kwa nchi nne, hata kama ni mbaya kidogo, ni bora kuliko tarehe nne nzuri.

Tatizo lingine ni siku ya kufungua. Miezi mitatu watu wameshona nyavu, wameongeza taa, wamekopa. Usiku wa kwanza wote wako majini. Kile kilichoongezeka kinaisha ndani ya wiki chache.

Upepo wa Kusi
Mnajadili nyavu kana kwamba ziwa ni lilelile. Chakula cha dagaa kinatoka chini. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na virutubisho vimelala huko ambako hewa haifiki. Upepo wa kusi-mashariki, Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huko kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji ya chini hupanda. Mimea midogo inaota, wadudu wa majini wanaila, dagaa wanawala wadudu. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta, na upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya na ya chini.

Utafiti ulioongozwa na Catherine O'Reilly mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa mimea hiyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilisoma matope ya chini ya ziwa na kukuta mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara kuanza. Kwa hiyo msimbebeshe mvuvi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mzigo wote.

Mpima Samaki
Upepo, utafiti huo naukubali, ila unatupeleka kinyume na unakoelekea wewe. Kama ziwa linazalisha pungufu, basi kiasi tunachoweza kuvua bila kuharibu nacho kimeshuka. Hesabu ya mwaka 2011 ilipata wavuvi karibu 95,000 ziwa zima. Joto hatuwezi kulishusha kutoka Kigoma. Nyavu tunaweza. Na uvuvi peke yake umeshaumiza ziwa hili: meli za nyavu za kuzungushia zilizoanza Bujumbura miaka ya 1950 zilipunguza kwanza sangara wakubwa, na kufikia miaka ya 1990 biashara yenyewe ilikuwa imekufa.

Kuhusu kama kufunga kumefanya kazi, tahadhari na takwimu za haraka. Ukilinganisha kilo za Aprili na za mwishoni mwa Agosti umelinganisha misimu miwili, maana baada ya upepo samaki huongezeka hata bila kufunga. Kipimo sahihi ni kilo kwa kipe kwa usiku, mwezi uleule wa miaka tofauti, na siku zilezile za mwezi mwandamo. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Wiki ya giza na wiki ya mwezi ni kama maziwa mawili. Andika na idadi ya taa pia, kwa sababu kipe chenye taa za sola 10 si sawa na chenye karabai 4. Halafu chukua dagaa mia kwa bahati nasibu, upime urefu. Kilo zikipanda huku urefu ukishuka, usishangilie.

Kipe Mbili
Hapo tumekutana. Basi kabla ya kufunga tena, tuanze na haya: kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni) litoke kabisa, kwa sababu lumbu, aina nyingine ya dagaa, huzalia na kukulia karibu na ufukwe na kokoro linakomba hadi wachanga. Idadi ya taa kwa kipe iwe na kikomo. Leseni mpya zisimame. Chombo kikioza, kipya kisiingie majini mpaka leseni ya zamani irudishwe.

Kalemie Kwetu
Leseni zikisimama, mwenye pesa atanunua za maskini. Miaka mitano mbele ziwa litakuwa na matajiri kumi na vibarua.

Kipe Mbili
Leseni isiuzwe, na mtu mmoja asizidi vipe viwili. Daftari likae kwa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), sio wilayani.

Mpima Samaki
BMU ambayo mwenyekiti wake ana vipe vitano?

Kipe Mbili
Hiyo hiyo. Ila daftari libandikwe ukutani mwaloni, namba ya chombo, jina la mwenye chombo, idadi ya taa. Wanaoanika dagaa wanajua kila kipe ni cha nani kuliko ofisa yeyote.